Maswali ya Wafugaji: Kochini, Kuku wa Manyoya Hadi Vidoleni

Safu ya mwezi huu yote ni ya kochini. Kwa asiyemjua: ni kuku mkubwa, mviringo, mwenye manyoya laini yanayofunika miguu hadi vidole. Jina lake limechukuliwa kutoka Cochin China, yaani kusini ya Vietnam kama ilivyoitwa zamani, lakini kuku mwenyewe asili yake ni China. Waliofika Uingereza na Marekani katika miaka ya 1840 walipitia Shanghai, na kwa muda waliitwa kuku wa Shanghai. Wamarekani walipoandika vipimo vyao vya kuku wa maonyesho mwaka 1874, kochini alikuwamo. Hadi leo vipimo vyao vinamtaka jogoo mzima awe na kilo 5, kuku jike mzima kilo 3.9, pora kilo 4.1 na tetea mchanga kilo 3.2. Shikeni tarakimu hizo, tutazirudia.

Nilinunua jogoo na koo wawe mbegu, nikaambiwa ni kochini halisi. Jogoo ana upanga mmoja wenye meno matano, koo ana upanga mdogo wenye mistari mitatu. Wametotoa vifaranga 14: sita wana upanga kama wa mama, wanane kama wa baba, na watatu kati yao hawana hata unyoya mmoja miguuni. Je, mbegu imechanganyika? (Moshi)

Imechanganyika, na vifaranga wako wenyewe wameshatoa ushahidi.

Anza na upanga. Kochini ana upanga mmoja uliosimama wima, wenye meno matano. Upanga mdogo wa mistari mitatu, ule unaoonekana kama punje za njegere zilizopangwa, ni wa brahma, ndugu yake wa karibu anayeuzwa sana kwa jina la kochini. Sasa, upanga wa brahma una nguvu ya kurithiwa kuliko wa kochini. Koo wako angekuwa brahma halisi, vifaranga wote 14 wangetoka na upanga wake. Kwa kuwa wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, koo ni chotara: mzazi mmoja brahma, mwingine kochini au kuku mwingine yeyote mwenye upanga mmoja.

Miguu mitupu inasema jambo baya zaidi. Manyoya ya miguuni nayo yana nguvu ya kurithiwa, ingawa si kamili. Kifaranga akitoka na miguu mitupu kwa wazazi wawili wenye manyoya, karibu kila mara maana yake ni kwamba wazazi wote wawili wamebeba damu ya kuku wa miguu mitupu. Kwa hiyo hata jogoo wako, pamoja na upanga wake mzuri, si safi.

Usihangaike kuwasafisha hao. Kurudisha ukoo uliochanganyika pande zote mbili ni kazi ya vizazi vinne au vitano, na utalisha makumi ya kuku usiowahitaji. Wafuge kwa mayai na nyama, na fedha ya mbegu itafute upya. Safari ijayo mshike kuku mkononi kabla ya kutoa pesa, na umkague hivi.

Kidole cha kati. Kochini ana manyoya kwenye kidole cha nje na cha kati pia. Kidole cha kati kikiwa kitupu, kuna mkono wa mtu mwingine hapo.

Goti la nyuma. Pitisha kiganja. Manyoya yanatakiwa yawe laini na yajikunje kufuata mguu. Ukikuta manyoya marefu, magumu, yenye uti, yanayochomoza kurudi nyuma kama ya tai, hiyo ni kasoro inayomtoa kuku kwenye mashindano, na hurithiwa.

Mgongo na mkia. Kochini akitazamwa kwa ubavu, mgongo unapanda taratibu kuelekea kwenye mto wa manyoya unaomeza mkia karibu wote. Jogoo mwenye manyoya marefu ya mkia yaliyopinda kama mundu, magumu, si wa kununua. Mkia ulioegemea upande mmoja pia mwache.

Halafu mpime. Manyoya ya kochini hudanganya macho: kuku anayeonekana ana kilo tano huweza kuwa na tatu na nusu. Mizani ndogo ya kuning'iniza na mfuko wa sandarusi wenye tundu la kichwa vinatosha. Muuzaji akikataa usipime, au akikuonyesha jogoo kwa picha tu bila kukuonyesha mama wa vifaranga, nenda zako.

Na kwa anayenunua vifaranga wa siku moja: upanga na manyoya ya miguu huonekana tangu siku hiyo. Kifaranga wa kochini ana malaika mpaka kwenye vidole. Usikubali kuambiwa "yataota baadaye".

Mashine yangu ya mayai 48 imenitoa machozi. Niliweka mayai 24 ya kochini wangu na 24 ya kuku wa kienyeji. Ya kienyeji yametotoa 19, ya kochini matano tu. Jogoo mmoja, majike tisa, na jogoo anapanda kila siku. (Mbagala, Dar es Salaam)

Kama ya kienyeji yametotoa 19 ndani ya mashine hiyo hiyo, mashine haina hatia. Tatizo lilikuwapo kabla mayai hayajaingia.

La kwanza ni manyoya. Jogoo wa kochini anaweza kupanda mara kumi kwa siku na mbegu isifike, kwa sababu tundu la jike limezungukwa na pamba ya manyoya, na lake vilevile. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mayai matupu kwa kochini popote wanapofugwa. Dawa yake ni mkasi. Mpakate jike, kichwa chini ya kwapa lako, mkia ukitazama mbele. Tenganisha manyoya kwa vidole mpaka uone ngozi, kisha kata kuzunguka tundu duara lenye upana wa kiganja, ukiacha kama nusu sentimita juu ya ngozi. Tumia mkasi wenye ncha butu. Ukikutana na unyoya mchanga wenye uti mweusi au wa zambarau, uruke: una damu ndani, na ukiukata utatoka damu na wenzake watamdonoa. Jogoo mkate chini ya tundu na pembeni. Kata, usinyonyoe. Unyoya ulionyonyolewa huota tena baada ya wiki chache, uliokatwa hukaa hivyo mpaka kuku abadili manyoya.

La pili ni hesabu ya majike. Tisa kwa jogoo mmoja ni sawa kwa kuku mwepesi. Jogoo mwenye kilo tano mpe wanne, watano wakizidi. Mkate na kucha, maana uzito ule ukikanyaga mgongo wenye manyoya laini huacha vidonda, na jike aliyeumizwa hukimbia.

La tatu ni joto la Dar. Yai lililorutubishwa halilali kabisa likiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 21 hivi. Mbegu huanza kukua polepole, inadhoofika na kufa. Mayai ya kochini hutagwa machache, kwa hiyo tunashuku uliyakusanya siku nyingi hadi yatimie 24, huku ya kienyeji yakiwa ya siku tatu au nne. Weka kikomo cha siku 7. Yahifadhi kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote, ncha kali ikitazama chini, nyuzi 15 hadi 18 ukizipata. Jokofu la kawaida ni baridi mno, lakini mtungi wa udongo uliozikwa nusu kwenye mchanga mbichi kivulini hushusha joto kuliko trei iliyokaa juu ya kabati.

Kabla ya kupoteza siku 21 nyingine, vunja yai moja bichi kwenye sahani na utazame kiini. Utaona doa jeupe. Doa dogo, zito, lenye kingo zilizochanika ni yai tupu. Doa lenye duara lililozungushwa vizuri, kama shabaha ya mishale, upana wa milimita nne hivi, ni yai lenye mbegu. Vunja matatu au manne kutoka kwa majike tofauti. Baada ya kukata manyoya na kupunguza majike, subiri siku 10 hadi 14 ndipo uanze kukusanya. Na ukibadili jogoo, subiri wiki tatu nzima, kwa kuwa mbegu ya jogoo wa zamani hubaki hai ndani ya jike muda huo na utamsingizia mpya watoto wasio wake.

Kwenye mashine yenye feni weka nyuzi 37.5 hadi 37.7, unyevu asilimia 45 hadi 55 kwa siku 18, kisha 65 hadi 70 na usigeuze tena. Kagua kwa tochi siku ya 7. Yai jeupe kabisa linakurudisha kwa jogoo. Yenye pete ya damu, jiulize uliyahifadhi vipi au joto lilipanda lini. Vifaranga waliokamilika wakafia ndani ya ganda, tazama unyevu na hewa ya siku tatu za mwisho.

Kuku zangu zina miguu kama magamba ya mti, zimevimba, na manyoya ya miguu yanakatika. Mbili sasa zinachechemea na moja ina kidonda kigumu chini ya wayo. Jirani aliniambia nipake mafuta ya taa. (Limuru, Kenya)

Usipake mafuta ya taa, wala oili chafu ya gari. Vinaua wadudu, ni kweli, lakini vinachoma ngozi, na kwa kuku mwenye manyoya miguuni vinakaa ndani ya manyoya vikiendelea kuchoma.

Una magonjwa mawili. Hayo magamba ni ukurutu wa miguu. Unaletwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, unaochimba chini ya magamba na kuyainua. Kochini hupatwa kuliko kuku wengine kwa sababu manyoya huuficha, na mwenyewe hugundua ukiwa umeshakomaa. Andaa ndoo ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kawaida, simamisha kuku humo dakika 10 hadi 15. Magamba yakilainika, sugua kwa mswaki wa zamani ukifuata uelekeo wa magamba, kutoka juu kwenda vidoleni. Usibandue gamba lisilotaka kutoka. Kausha kwa taulo hadi kwenye mizizi ya manyoya, kisha paka vaselini au mafuta ya nazi mazito, uyasukume kwa kidole yaingie kati ya magamba. Utitiri hukosa hewa na kufa, lakini mayai yake hubaki, ndiyo maana unarudia mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu hadi nne. Watibu kuku wote wa banda hilo siku moja, hata wanaoonekana wazima, na vichanja uvisugue kwa maji ya moto. Ukurutu ukiwa mzito, daktari wa mifugo anaweza kutumia ivermectin kwa kipimo cha uzito wa kuku. Ukifika hapo muulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi.

Kidonda cha wayo ni jambo lingine. Kinaanza na mkwaruzo mdogo, bakteria wanaingia, usaha unaganda ukawa kokwa ngumu. Kwa kochini chanzo ni karibu kila mara kimo cha kichanja. Kilo nne zikiruka kutoka mita moja kila asubuhi, wayo hauvumilii. Shusha vichanja viwe sentimita 25 hadi 30 kutoka chini na vitengeneze kwa ubao bapa wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, kingo zimelainishwa. Kuku mwenyewe mpeleke kwa daktari. Kulipasua jipu la wayo nyumbani kwa wembe ndiko kunakowaleta kuku wakiwa wamevimba hadi kwenye goti.

Na kwa baridi na mvua za Limuru, tazama sakafu yako. Udongo ukishika kwenye manyoya ya vidole hukauka ukawa mpira, na kila hatua unavuta ngozi. Weka maranda ya mbao au maganda ya mpunga kimo cha sentimita 8 hadi 10, na uyashike mkononi: ukiyafinya yakabaki donge, yameshalowa, yatoe. Chombo cha maji kiinue kifikie mgongo wa kuku. Asubuhi zenye matope usiwatoe nje mpaka umande ukauke. Donge likiwa limeshashika, lilainishe kwa maji, usilivute.

Nina bluu dume na bluu jike, wote wazuri sana. Vifaranga wametoka bluu, weusi na wengine weupe wenye madoa ya kijivu. Muuzaji alinidanganya? (Arusha)

Safari hii muuzaji hana kosa. Bluu haizai bluu tupu. Bluu kwa bluu hutoa, kwa wastani, nusu bluu, robo weusi na robo hao wenye madoa. Bluu kwa mweusi: nusu bluu, nusu weusi. Bluu kwa mwenye madoa: nusu bluu, nusu wenye madoa. Ukitaka vifaranga wote wawe bluu, mpe jogoo mwenye madoa majike weusi, au kinyume chake. Kwa hiyo usiwauze kwa bei ya kutupa hao weusi na wenye madoa. Ndio kiwanda chako cha bluu. Angalia tu bluu isipauke: bluu kwa bluu vizazi vingi mfululizo hufifia na kupoteza ukingo mweusi wa unyoya. Kila baada ya kizazi kimoja au viwili rudisha mweusi.

Kuna kochini wa manyoya yaliyopinda kama kidimu wetu wa kienyeji. Nikipandisha wawili wa hivyo nitapata wazuri zaidi? (Tanga)

Hapana. Ni urithi wa aina ile ile ya kidimu. Mmoja wa manyoya yaliyopinda kwa mwenye manyoya laini: nusu hutoka wamepinda, na ni wazuri. Wawili waliopinda kwa pamoja: robo ya vifaranga huwa na manyoya yanayokatika kama majani makavu, wanabaki nusu uchi na baridi inawaua. Weka kila mara upande mmoja laini.

Kochini wangu analalia kila baada ya wiki chache, hata jiwe analalia. Nimpe mayai mangapi, na nisipotaka alalie nifanyeje? (Bukoba)

Kulalia ndiko alikozaliwa nako. Usimtarajie mayai ya kuku wa biashara. Anayefikisha 150 kwa mwaka ni mtagaji mzuri kwa kochini. Mpe mayai yake 10 hadi 12, kiota kiwe chini kabisa na chenye kina, majani makavu yamebonyezwa katikati. Uzito wake huvunja mayai yenye ganda jembamba, na manyoya ya miguu huburuta yai au kifaranga anapotoka kula, kwa hiyo mtoe kwa mkono mara moja kwa siku, umwinue taratibu na kutazama chini ya miguu.

Usipotaka alalie, mweke kwenye kizimba chenye sakafu ya waya kilichoinuliwa, chakula na maji tele, siku tatu hadi nne. Upepo ukipita chini ya tumbo hamu inakatika. Kummwagia maji baridi ni kumtesa bure.

Vifaranga wangu wana miezi mitano, wamekonda, majogoo wana mabega matupu. Nawapa chakula cha kutagia kilichobaki kwa wakubwa na pumba za mahindi. Wenzao chotara wa umri huo wanachinjwa. (Iringa)

Mabega matupu kwa majogoo wachanga wa kochini si ugonjwa. Huota manyoya polepole, na majogoo huchelewa kuliko majike. Na kochini wa miezi mitano ni mifupa tu. Anaanza kujaza mwili akivuka miezi minane, na umbo lake kamili hulipati kabla ya mwaka mmoja, mara nyingi mmoja na nusu. Anayekuambia amchague jogoo wa mbegu akiwa na miezi minne anabahatisha.

Lakini chakula unakosea. Chakula cha kutagia kina chokaa asilimia 3.5 hivi, mara tatu au nne ya anachohitaji kuku anayekua, na ziada hiyo inaumiza figo. Pumba za mahindi zinampa shibe bila protini, na manyoya ni protini tupu. Chakula cha kuanzia chenye protini asilimia 18 hadi 20 mpe hadi wiki ya nane, na kwa kochini tungesogeza hadi ya kumi. Kisha chakula cha kukuzia, asilimia 15 hadi 16, hadi jike wa kwanza atage. Hapo chokaa, au maganda ya chaza yaliyosagwa, weka kwenye chombo cha pembeni. Majike watajichukulia na majogoo watayaacha. Mkubwa hula gramu 140 hadi 170 kwa siku. Dagaa onja kwa ulimi: wakiwa na chumvi au wakisaga mchanga kwenye meno, waache. Mashudu na mahindi yenye ukungu usiwape hata kidogo.

Kwa kuwa hukuuliza chanjo tunakukumbusha, maana kukonda nako huanzia huko: kideri siku ya 7 na tena ya 21, gumboro siku ya 14 na 28, ndui wiki ya 6 hadi 8. Anayepata ile chanjo ya kideri iitwayo I-2 inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kuhara damu kati ya wiki ya tatu na ya nane kunatokana na maranda yaliyolowa; dawa ni amprolium, lakini bila kubadili maranda utarudi dukani wiki ijayo.

Huku Muscat kiangazi kinapita nyuzi 40. Je, kochini ataishi? (Oman)

Ataishi, hatazaa. Joto kubwa huua mbegu ya jogoo na huchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo kusanya mayai ya kutotolesha kati ya Desemba na Machi tu. Kiangazi wape chakula alfajiri na usiku, maji yabadilishwe mara tatu kwa siku na vyombo vikae kivulini. Pwani yenu ina unyevu, kwa hiyo kunyunyiza maji bandani hakusaidii sana na kunalowesha maranda. Feni inayopuliza kwa kimo cha kuku ni bora. Kuku akianguka huku akihema mdomo wazi na mabawa ameyaachia, mtumbukize hadi kifuani kwenye ndoo ya maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, kwa dakika kadhaa: maji yakimlowesha juu juu, manyoya hayo hayapitishi ubaridi hadi kwenye ngozi.

Nimepata kochini weusi sita wazuri na hakuna wengine karibu. Nitawazalisha vipi miaka mingi bila damu kuharibika? (Mbeya)

Hali ya hewa ya Mbeya ni ya kochini kabisa. Gawa kundi liwe familia tatu, kila moja na banda lake: nyekundu, njano, kijani. Ukiwa na sita, kila familia ianze na jogoo mmoja na jike mmoja. Ukiwa na majogoo wawili tu, mmoja ahudumie mabanda mawili kwa zamu hadi mwaka wa pili.

Kanuni ni moja. Mtoto wa kike hubaki kwenye familia ya mama yake. Mtoto wa kiume huhama: wa nyekundu huenda njano, wa njano huenda kijani, wa kijani huenda nyekundu. Kila mwaka, bila kubadili uelekeo. Hivyo kaka hampandi dada yake, na baba hampandi bintiye. Kila familia iwe na jogoo wa akiba, kwa sababu jogoo wa kochini hufa siku usiyoitaka. Ukiona mayai yenye mbegu yanatotoa kidogo mwaka hadi mwaka, au vifaranga wanafia ndani ya ganda huku mashine ikiwa sawa, damu imekaribiana. Hapo ndipo utafute jogoo wa nje, umjaribu kwanza kwenye familia moja tu.

Uchaguzi ufanye mara tatu. Siku ya kutotolewa, toa wenye kidole cha kati kitupu na vidole vilivyopinda. Wiki ya 16, toa wenye mkia wa upande, upanga wenye matawi ya pembeni, na goti la manyoya magumu. Mwezi wa 12, pima uzito na utazame mgongo. Jike mtumie kwa mbegu kuanzia mwaka wa pili, mayai yake yakiwa makubwa na ukiwa umeshajua kama ana afya. Weka wawili au watatu kati ya kumi. Waliobaki ni kitoweo, hata kama rangi yao inang'aa.

Alama ndiyo huwashinda wengi. Pete ya mguuni kwa kochini hupotea ndani ya manyoya, na ukiisahau kwa kuku anayekua hukaza hadi kukata nyama. Tumia pete ya bawani, au toboa utando kati ya vidole siku ya kwanza kwa kitobozi kidogo cha kuku: tundu kwenye utando wa nje wa mguu wa kulia ni nyekundu, wa ndani ni njano, mguu wa kushoto ni kijani. Kagua baada ya siku kumi, maana tundu lisilotoboka vizuri hujifunga. Andika kwenye daftari siku hiyo hiyo.